Waliomtafuta Sytse

Kazi ya Gosse Hoekema ilikuwa kununua majina ya marehemu, na katika mji mzima wa Leeuwarden hakuwepo aliyemshinda. Si marehemu watu, tuelewane. Marehemu tovuti. Kwaya ikivunjika, maktaba ikifungwa, chama cha wafuga njiwa kikibaki na mzee mmoja na njiwa wawili, tovuti yao huendelea kukaa mtandaoni mpaka siku ada yake isipolipwa. Siku hiyo anwani inarudi sokoni, na mwenye mkono mwepesi anaiokota.

Ungemuuliza ya nini, angekueleza huku akitafuna mkate wake wa jibini mbele ya kompyuta. Mtambo wa kutafuta, angesema, ni kama mgeni aliyeingia kijijini: hamjui mwizi wala mcha Mungu, kwa hiyo anasikiliza nani anasifiwa na nani. Gazeti likiwaelekeza wasomaji kwako, shule ikikutaja, manispaa ikiweka kiungo cha kuja kwako, mtambo unaamini wewe ni mtu wa maana na unakuweka juu. Ukiwa juu watu wanakuona. Ukiwa chini hakuna anayejua kama ulizaliwa. Sifa hiyo huchukua miaka kupatikana, lakini tovuti ikifa sifa yake haizikwi siku hiyo hiyo. Majirani bado wanaelekeza wageni kwenye nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Ukihamia upesi, unapokelewa kwa heshima za marehemu. Na wenye haja ya heshima za kuazima walikuwa wengi, hasa wale ambao gazeti lenye akili haliwezi kuwataja: wauza dawa za kupunguza unene, wakopeshaji wa haraka, na makampuni ya kubeti.

Zamani Gosse alikuwa akizisoma tovuti hizo moja moja kabla ya kuzinunua. Kusoma kulimchelewesha, maana nyingine zilikuwa na picha za watu wakicheka kwenye sherehe. Akaandika programu, akaiita Wavu. Wavu ulizunguka mtandaoni kutwa kucha. Ukiona anwani imekufa nayo inatajwa na magazeti, shule au serikali, unainasa na kuikabidhi kwa mteja aliye mbele kwenye foleni, bila jicho la binadamu kupita juu yake. Kwa ajili hiyo alipandishwa cheo.

"Makaburini kuna nini leo?" Rintje, mwenye kampuni, alikuwa akiuliza kila asubuhi akipita na kikombe chake.

"Kwaya moja na shule ya wasioona."

"Mungu awarehemu. Gawa."

Nao wakicheka. Hata wachimba kaburi hucheka kazini, sembuse watu wa kompyuta.

Mwezi wa kumi na moja Hiske, mama mkwe wake Gosse, aliadhimisha siku yake ya kuzaliwa kijijini Eastersyl. Ilikuwa ya kwanza tangu azikwe mumewe, Durk, na wanawe walidhani ataipitisha kimya. Hakuipitisha. Viti vilipangwa duara kama kila mwaka, na kila aliyeingia akazunguka kuwapa mikono wote na kuwapongeza, kwa sababu kule hapongezwi mwenye siku peke yake. "Hongera ya mama mkwe, Gosse!" "Hongera ya jirani, mzee Feike!" Ikaja kahawa na kipande kimoja kimoja cha keki yenye sukari ya rangi ya waridi, na mazungumzo juu ya magoti yanayouma.

Ukutani, juu ya kiti kitupu cha Durk, palikuwa na picha ya mtoto mwenye kofia ya sufu. Huyo ni Sytse, mdogo wake Jeltje, na Jeltje ndiye mke wa Gosse. Sytse alikuwa anateleza kwa viatu vyake vya vyuma juu ya mfereji wa kijiji, akapita chini ya daraja. Chini ya daraja maji yanatembea na barafu haikazi. Alizama, akaibuka, akashika ukingo, lakini barafu mbichi haishikiki. Vidole viliteleza mpaka vikachoka, na ngazi ilipoletwa yeye alikuwa ameshakwenda.

Durk alikaa mwaka mzima karibu bila kusema neno. Kisha akatengeneza tovuti. Ilikuwa ya kijani, mbaya kuitazama, na picha ya mwanawe juu kabisa. Chini yake aliandika anayopaswa kujua kila mzazi: jinsi ya kupima barafu mwenyewe bila kumwamini mtu, kwa nini chini ya daraja hapapitwi, na jinsi ya kutengeneza misumari ya barafu, vishikio viwili vya mbao vyenye ncha, vinavyovaliwa shingoni kwa kamba ili aliyezama achome ukingo na kujivuta. Mwisho aliandika: *Sytse hakuwa nayo.* Shule zikaituma kwa wazazi, magazeti yakaitaja kila baridi ilipobisha hodi, manispaa zikaweka viungo. Ikawa kila aliyeuliza mtambo habari za watoto na barafu, wa kwanza kukutana naye alikuwa Sytse. Durk hakujua hila hata moja. Gosse alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake wa kazi tovuti ile na kuwaambia, "Hivi ndivyo inavyotakiwa, na hivi sisi hatuwezi."

Na kila barafu ilipoyeyuka, Hiske alimuuliza mumewe swali moja: "Wangapi wamekuja kwake mwaka huu?" Durk akisoma kihesabio cha wageni wa tovuti, akitaja maelfu. "Basi," Hiske akisema, "wote hao wameambiwa." Kwa neno hilo aliweza kuufikia mwaka mwingine. Hakuwa na dawa nyingine.

Siku ile ya keki kulikuwa na jirani mpya. Hiske akachukua kompyuta kibao ya marehemu, akamwambia, "Ngoja nikuonyeshe mwanangu." Anwani hakuijua maishani mwake, Durk alimfundisha kuandika maneno mawili, barafu na Sytse, na kubonyeza la juu. Akabonyeza. Likatokea gurudumu linalozunguka, sarafu zikimwagika, na kitufe cha rangi ya chungwa chenye maandishi makubwa: WEKA MKEKA WAKO SASA.

"Ala! Hiske!" mzee Feike akapiga paja. "Kubeti umeanza na uzee huu? Ukishinda usitupe tena kipande kimoja kimoja!"

Watu wakacheka, Hiske akacheka nao. "Nimebonyeza vibaya, vidole hivi vya kizee." Akarudi, akabonyeza tena. Akarudi tena. Mara hii hakucheka.

"Gosse, mwanangu, hebu tazama. Sytse hayupo."

Gosse akaipokea. Hakuwa na haja ya kusoma. Kitufe kile cha rangi ya chungwa alikichagua yeye mwenyewe, baada ya kupima ni rangi gani inayovuta vidole vya watu. Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa darubini, yalikuwa yameachwa maneno ya Durk kuhusu watoto na barafu, ili mtambo uendelee kudanganyika. Durk alikufa majira ya machipuko, benki ikafunga kadi yake, ada haikulipwa, na Wavu ukafanya ulichotengenezewa kufanya.

"Imeharibika kidogo, mama," alisema. "Nitairudisha."

"Kabla ya barafu?"

"Kabla ya barafu."

"Usichelewe, mwanangu. Ndipo wanapomtafuta."

Njiani kurudi mjini Jeltje ndiye aliyeshika usukani. Gosse alimwambia kabla hawajatoka hata kijijini, maana alijua akichelewa hataweza.

"Ni sisi, Jeltje."

"Sisi nani?"

"Kampuni. Wavu wangu."

Jeltje aliendesha mpaka wakavuka madaraja mawili. Kisha akasema, akiangalia barabara, "Ulimnunua mdogo wangu."

"Sikujua. Hakuna anayeangalia."

"Sikia. Umrudishe. Na mama asijue ni nani. Ameshazika wawili, sitaki azike na mkwe."

Jumatatu Gosse akaenda moja kwa moja kwa Rintje.

"Ile ya barafu?" Rintje akaangaza uso. "Ile ndiyo lulu yetu! Wale wa kubeti wamefika ukurasa wa kwanza ndani ya wiki. Wamenitumia maua, mwanamume mimi!"

"Mtoto wa kwenye ile tovuti alikuwa shemeji yangu."

Rintje aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalochosha katika habari hizi. Mtu mbaya ungempiga ngumi ukaenda zako.

"Pole sana. Kweli, pole. Nitawaambia wakurudishie. Lakini baada ya baridi."

"Naitaka kabla."

"Kabla haiwezekani, ndugu yangu. Barafu ikishika, nchi nzima itakuwa inauliza habari za barafu. Unadhani wenzetu walinunulia nini?"

"Rintje, ni mtoto aliyekufa."

"Na ile ya watoto wagonjwa, mwaka juzi? Wale hawakuwa na mama? Uliinasa asubuhi, mchana ukatuletea keki." Hakusema kwa ukali. "Mkuki kwa nguruwe, Gosse."

Gosse akarudi kwenye kiti chake.

Lakini njia alikuwa anaijua, ile ambayo kwa watu wa kazi yake ni dhambi isiyosamehewa. Mtambo una mahali pa kuchongea wadanganyifu. Akaandika kila kitu: anwani ilikufa lini, nani kaiokota, imepambwaje, Wavu unafanyaje kazi. Anayejua kufuli akieleza jinsi nyumba ilivyovunjwa, askari huamini. Kabla ya mwezi kwisha, ukurasa wa kubeti ukafutwa kwenye majibu yote, ukawa kama haukuwahi kuwepo, na wale mabwana wakaitupa anwani. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Gosse aliinama akaliokota kwa mikono miwili.

Rintje hakuchukua muda kujua.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Chukua koti lako. Na huo Wavu unabaki."

Alichukua koti. Wiki nzima alikaa mezani nyumbani akiijenga upya tovuti ya kijani kutoka kwenye nakala za zamani, rangi ile ile mbaya, neno kwa neno, makosa ya Durk ya uandishi akiyaacha yalivyo. Picha ya kofia ya sufu akaiweka juu. Kisha akaenda Eastersyl, akaweka kwenye kompyuta kibao ya Hiske alama yenye uso wa mtoto, ya kubonyeza mara moja tu.

Hiske akabonyeza. Akaona. Akapitisha kidole juu ya kioo, pale kwenye shavu.

"Amerudi," alisema. "Na watu watampataje?"

"Ukibonyeza hapa, mama, hata bila kuandika..."

"Mimi ninaye ukutani, Gosse. Nauliza watu."

Akaandika yale maneno mawili, barafu na Sytse, kwa kidole kimoja. Ukurasa wa kwanza hakuwepo. Wa pili hakuwepo. Hiske akaendelea kushuka, ukurasa baada ya ukurasa, akipita maduka ya viatu vya barafu na hoteli na mtu mwingine aitwaye Sytse anayeuza matrekta, mpaka Gosse akamwondolea kompyuta mikononi kwa upole.

Anwani ilikuwa imerudi na aibu ya mwingine. Adhabu iliondolewa baada ya maombi, lakini sifa ilikuwa imeshakwenda, maana sifa ni majirani, na majirani walikuwa wameondoka. Wazazi walilalamika kwamba shule inawapeleka kwenye kamari, shule zikaondoa viungo, magazeti yakafuata, manispaa zikafuata. Gosse akaanza kuwapigia simu mmoja mmoja. Mtu aliyezoea kununua sifa sasa alikuwa anaomba.

"Bwana Hoekema, nakuelewa," mwalimu mkuu mmoja alimwambia. "Mimi mwenyewe nilivaa ile misumari nikiwa mdogo. Lakini mwaka huu mama mmoja amenijia hapa na simu ya mwanawe, mtoto wa darasa la nne, anaangalia magurudumu ya bahati. Unataka niwaambie wazazi nini?"

"Kwamba haikuwa kosa la Sytse."

"Lilikuwa la nani?"

Gosse akamshukuru, akakata simu.

Wachache walikubali. Chama kimoja cha wateleza barafu, gazeti dogo la wilaya, mchungaji mmoja. Tovuti ikaanza kupanda kama mzee anavyopanda ngazi, kila siku kidato. Kutoka kusikojulikana ikafika ukurasa wa tisa, kisha wa sita. Gosse alijua hii ndiyo njia yenyewe, ile ya Durk. Ukiiacha ipande hivyo, mwaka ujao au unaofuata ingefika. Kila Jumapili Hiske aliuliza, "Yuko wapi sasa?" kama anayeulizia mtu aliye safarini. "Yuko njiani, mama," Gosse akijibu, na haukuwa uongo.

Halafu watabiri wa hali ya hewa wakatangaza baridi. Si ya kuguniwa tu. Baridi yenyewe, ya mashariki, isiyoonekana miaka kadhaa. Mkoa mzima ukapata wazimu. Watu wazima wakawa wanachungulia mifereji wakienda kazini, viatu vya vyuma vikashushwa darini vinolewe, na kila mwenye mtoto akatoa simu yake amuulize mtambo: barafu imekaza kiasi gani, watoto wanaweza kuingia? Sytse alikuwa ukurasa wa tano, ambako hafiki mtu.

Gosse alikuwa na majina yake mwenyewe machache, aliyoyanunua zamani alipokuwa anajifunza kazi. Kwaya ya kijiji fulani. Wale wafuga njiwa. Nyumba ya wazee iliyofungwa. Yalikaa tu kwenye kabati la kompyuta yake, yakiwa bado na heshima zao. Ukiyafanya yote yamtaje Sytse, mtambo ungeona ghafla watu wa maana wakimsifu.

"Usifanye," Jeltje alisema alipomwona ameinama kwenye kibodi. "Si anapanda?"

"Anapanda polepole."

"Mwache apande polepole."

"Barafu itashika Alhamisi, Jeltje! Wao wanatafuta sasa hivi! Mama yako ananiuliza kila siku, nimwambieje, Sytse atafika barafu ikishayeyuka?"

"Ni hila ile ile, Gosse."

"Mara hii ni kwa ajili ya kitu chema."

Jeltje alimtazama. "Mtambo unajua hilo?"

Hakujua kufanya kazi nyingine, huo ndio ukweli wake. Aliyafunga majina yote kwa Sytse kabla ya chakula cha mchana. Siku iliyofuata Sytse akaruka kutoka ukurasa wa tano mpaka wa kwanza, wa tatu kutoka juu, na Gosse akampigia mama mkwe wake akipiga kelele kama mtoto.

"Yupo, mama! Andika! Andika uone!"

Alimsikia Hiske akiandika kwa kidole kimoja. Kisha akamsikia analia.

"Namwona," Hiske alisema. "Durk angekuwepo. Asante, mwanangu. Asante sana."

Ile ndiyo ilikuwa furaha ya Gosse mwaka ule, na haikulala siku mbili. Alhamisi barafu ilishika mifereji yote, na Alhamisi hiyo hiyo Sytse alitoweka. Hakushuka ukurasa wa pili wala wa mia, alitolewa kabisa. Uliandika jina lake lote kama lilivyo kwenye jiwe la kaburi, na bado ulipata yule muuza matrekta. Gosse alifungua taarifa iliyomngoja na kuisoma akiwa amesimama. Anwani hii imewahi kuadhibiwa kwa udanganyifu. Imerudia. Imeondolewa. Mara ya kwanza mtambo husamehe, ya pili hausikilizi, na hilo alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake siku ya kwanza ya kazi.

Jeltje alisoma juu ya bega lake.

"Ungesubiri angefika?"

"Mwakani, labda."

"Na sasa?"

Gosse aliichukia mikono yake, akaificha chini ya meza. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Jeltje hakumpa.

Jumamosi wakaenda Eastersyl. Mfereji ulikuwa umejaa watu, vibanda vya supu ya njegere vilikuwa vinatoa moshi, mtu alikuwa amefungulia muziki. Hiske alikuwa amesimama kando ya daraja na mfuko wa turubai, na ndani ya mfuko misumari ya barafu, ile aliyoichonga Durk majira ya baridi ya mwisho ya uhai wake. Alikuwa anamsimamisha kila anayepita na mtoto. Mzee Feike alikuwa karibu yake akimshikia kikombe cha chai iliyokwisha poa.

"Wanangu, vaeni hii shingoni. Na hapa darajani msipite, tokeni mtembee kwa miguu."

Baba mmoja kijana akasimama, akamshika mwanawe kofia. Alikuwa na adabu zake zote.

"Usijali, mama. Tumeshaangalia."

"Mmeangalia wapi?"

Akatoa simu, akamwonyesha. Gosse aliuona ukurasa ule kutoka alikosimama na akautambua. Ulikuwa wa duka la viatu vya barafu, wa kwanza kutoka juu; miaka michache nyuma yeye ndiye aliyeupandisha, na maneno yake aliyaandika mwenyewe kwa alasiri moja, bila kuondoka kwenye kiti. *Barafu iko tayari! Familia nzima ipo tayari?* Habari za daraja hazikuwemo. Nani anunue viatu akisoma habari za daraja?

"Unaona? Wanasema ni salama," yule baba akasema, na akateleza na mwanawe. Walitoka kwenye barafu hatua chache kabla ya daraja, kwa sababu tu mtoto aliona kibanda cha supu.

"Wanasema," Feike akaguna. "Nani huyo anayesema? Hana hata uso."

Hiske alirudisha kamba ndani ya mfuko, akaikunja vizuri, akageukia waliokuwa wanakuja.

Kwa bahati Eastersyl hakuzama mtu. Jumanne upepo uligeuka, mvua ikanyesha, na barafu ikawa uji wa kijivu ambao bata walitembea juu yake kwa kusitasita. Jumapili Gosse na Jeltje walikuwa wamekaa kwenye viti vyao, kahawa mbele yao, kiti cha Durk kitupu. Gosse alijua swali linakuja. Alikuwa ameshakitazama kihesabio kabla hawajaondoka nyumbani.

Tangu barafu iliposhika, kihesabio kilionyesha mgeni mmoja. Siku zote za barafu, na baada yake, mgeni ni yule yule mmoja, kwa kompyuta kibao, kutoka Eastersyl, akiingia kwa alama yenye uso wa mtoto. Alikaa kwenye ukurasa muda mrefu. Hakuwepo mwingine.

"Haya, Gosse," Hiske akasema, akiweka kikombe chini na kujinyoosha sketi, kama alivyokuwa akifanya mbele ya mumewe. "Barafu imekwisha. Wangapi wamekuja kwake mwaka huu?"

Maisha yake yote ya kazi Gosse alikuwa akiwatajia watu hesabu tamu. Alikuwa nazo mdomoni, maelfu kwa maelfu. Lakini picha ilikuwa inamtazama, na Jeltje naye alikuwa anamtazama.

"Tangu barafu ishike, mmoja, mama."

Hiske aliinamisha kichwa. Mikono yake ilishikana mapajani.

"Mmoja," alisema. "Alikuja akaondoka tu?"

"Hapana. Amekuja kila siku."

"Kila siku?" Akainua uso, macho yamelowa, na kwa mara ya kwanza tangu barafu iyeyuke akatabasamu kidogo. "Basi huyo ana mtoto anayempenda sana."

"Ndiyo, mama," Gosse akasema.

Jeltje akainuka, akaenda jikoni kuchemsha kahawa nyingine, ingawa birika lilikuwa bado limejaa.